Mtoto Aliyekataa Kumlilia Mumiani

Mtoto aliyetakiwa alie alikataa kulia. Mara ya kwanza mumiani alipoinama juu ya susu yake ya kulalia, alimcheka. Mara ya pili alimshika pua. Mara ya tatu alitia vidole viwili katika ule mdomo mwekundu, akang'oa jino moja la chonge, maana lilikuwa la nta ya mshumaa na joto la saa sita mchana lilikuwa limeshalilegeza, akalitia kinywani mwake kulionja.

"Basi, basi," alisema Bwana Dhanji, akaiacha kamera. "Mkanda wangu unakwisha, na huyu anafanya harusi."

Dhanji alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Kiponda, mzaliwa wa papo hapo, akiishi kwa kupiga picha maharusi na watu wanaotaka pasi za safari. Mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa kanunua kamera ya senema, kuukuu, isiyonasa sauti, akaapa kutengeneza filamu ya kuchekesha ya hapa hapa Unguja. Hadithi yake ilikuwa hivi: mumiani, yule mnyonya damu ambaye kila mzazi alimtishia naye mwanawe, anaingia usiku nyumba ya watu kumnyonya mtoto. Mtoto anamng'ang'ania. Mumiani anashindwa, anamchukua kwake kumlea, na mkewe hamalizi siku bila ya kumgombeza kwa kuleta nyumbani mdomo badala ya chakula. Taa za kupigia picha usiku Dhanji hakuwa nazo. Usiku wote wa filamu yake aliupiga mchana, ndani ya gofu moja la mtaa wa Malindi lililoanguka ghorofa ya juu, kwa kipande cha kioo cheusi mbele ya kamera, na mumiani alitembea juani na kandili inayowaka.

Mumiani mwenyewe alikuwa Miraji, mpiga chokaa nyumba za watu, mrefu kama ngazi yake, uso umepakwa unga wa mchele, joho la kuazima limemwishia magotini. Damu ya mdomoni haikuwa na gharama. Miraji alikuwa mlaji tambuu, ile inayotia mdomo wekundu, tangu ujana wake. Mke wa mumiani alikuwa mwanamume vilevile, kijana mmoja wa Funguni jina lake Nahodha, ingawa hata ngalawa hajapata kuiendesha. Hapakuwa na mwanamke mjini ambaye angekubali kuonekana katika senema, basi Nahodha alivaa buibui, akaishikilia ncha yake kwa meno kuficha sharubu. Buibui lenyewe lilikuwa la Shemsa, mama wa mtoto. Kila siku lilipovaliwa na mke wa mumiani, Shemsa alikaa mkekani nyuma ya pazia la gunia, na kanga zake mbili, akisubiri kurejeshewa apate kwenda kwake.

"Baba mtoto," Nahodha alikuwa akiigiza, sauti kaibana puani, "mtoto wako huyo kishanyonya maziwa yote, na wewe damu hujaleta. Tutakula nini leo, kandili?"

"Baba," alisema mtoto Wanu kwenye susu, akamnyooshea Miraji mikono.

Ndipo pale Ame alipotia mguu kizingitini.

Ame alikuwa mume wa Shemsa. Alikuwa karejea wiki tatu nyuma kutoka melini, alikokuwa mtia makaa, na huyu Wanu aliyemwacha tumboni alimkuta anatembea. Asubuhi ile alikaa bandarini akingoja kazi ya uhamali mpaka adhuhuri bila ya kuitwa jina, akaja kumtazama mkewe kazini. Alilolikuta ni mwanawe anamwita mtu mwingine baba, na kicheko cha mkewe nyuma ya pazia. Kicheko hicho tangu arejee alikuwa hajakisikia.

"Nipe mwanangu," alimwambia Miraji.

"Mchukue, bwana. Ila mtie mkono hapa chini, anapenda—"

Ame alishamnyakua. Wanu alimtazama mara moja, akaupinda mgongo nyuma, akatoa ukelele uliowarusha njiwa waliokuwa juu ya ukuta.

"Papo hapo," alisema Dhanji, kamera ishaanza kunguruma. "Usiondoke, bwana. Msogeze kwenye mwanga. Uso wako ugeuze, siutaki uso wako, nnataka mtoto."

Ame alisimama kageuza uso kama mtu anayeng'olewa jino, na mwanawe mikononi anampiga mateke. Alisimama kwa sababu hakujua la kufanya jingine. Ilipokwisha, Dhanji alimshukuru sana, akamwambia aje tena kesho na kesho kutwa, atampa shilingi mbili kila siku. Filamu ilikuwa na vilio vitatu na wameshapata kimoja.

"Dunia hii," alisema Nahodha, akijipepea kwa ncha ya buibui. "Mumiani anabembeleza, baba analiza."

Wote wakacheka. Na nyuma ya pazia pia.

*

"Buibui la mke wangu limevaliwa na mwanamume," alisema Ame jioni ile. "Mwanangu mtoto wa mumiani. Mimi mwenyewe nnaajiriwa kumliza. Kimenibakia nini katika nyumba hii?"

"Umebakiwa na wali," alisema Shemsa. "Na huo unaokula ni wa pesa za mumiani."

Ame aliacha kula. Shemsa naye akaona kazidi, akamsogezea mchuzi.

"Baba Wanu, nisikilize. Mwanao hampendi Miraji. Anapenda tambuu."

"Mtoto anajua tambuu?"

"Nani kamlea huyu? Mama yako. Tangu arubaini yangu mpaka wiki aliyokufa, mtoto kifuani pake, anamwimbia mdomo umejaa tambuu. Bi Mwanakheir mwenyewe alipotutoka, mtoto alimtafuta mwezi mzima, anafungua fungua milango. Siku ya kwanza Miraji kumwinamia, alimnusa hivi, akatulia. Hata mimi nililia pale."

Maneno hayo yalitosha kumlainisha mtu, lakini Ame hayakumlainisha. Yalimchoma kwa upande wa pili. Mama yake hakuwahi kumzika. Habari alizipata bandari ya mbali, zishapoa. Na sasa harufu ya mama yake iko mdomoni mwa mpiga chokaa, na mtoto aliyelelewa na mama yake anaifuata huko huko.

"Basi tafuna na wewe," alisema Shemsa. "Popoo ya tambuu haina mwenyewe."

"Mimi si bibi kizee."

Alikuwa kamnunulia Wanu halua. Akaimega, akaiweka kiganjani, akachutama. Mtoto alikuja hatua tatu, akasimama, akaja moja tena, akaichukua halua, akamkimbia nayo. Kutoka kwenye mapaja ya mama yake alitazama mlangoni.

"Baba," alisema, kuuambia mlango.

*

Asubuhi, nje ya geti la bandari, mahamali walikaa juu ya magunia matupu wakingoja majina. Hija, aliyejua habari za mitaa yote kabla ya wenye mitaa, alimpisha Ame nafasi.

"Eti mwanao kapata kazi kabla yako?"

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Ame alikwaruza udongo kwa kisigino.

"Mimi simsemi mtu," alisema. "Nnauliza tu. Mtu mzima, mdomo mwekundu asubuhi mpaka jioni, kila siku yumo gofuni. Mtoto akimshika hataki kumtoka. Hata kwa babake hataki. Ni kitu gani anachomfanya?"

Kicheko kilikatika. Hija alisogea.

"Umemtazama shingoni?"

Hapo ndipo Ame angeweza kusema. Alijua ni tambuu. Alijua mpaka jina la mtu aliyemzoesha mtoto harufu yake, na kaburi lake lilipo. Lingekuwa neno moja, na wangecheka tena wakazungumza mengine.

"Sikumtazama," alisema.

Siku hiyo aliitwa jina. Alibeba magunia ya karafuu mpaka alasiri, na kwa mara ya kwanza tangu arejee alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetema kitu kilichomkaa kooni. Gofuni hakwenda. Dhanji alitafuta kilio cha pili mpaka akakata tamaa. Wanu alilala begani kwa mumiani.

Siku ya pili yake ilikuwa ya mwisho ya kupiga picha. Ame alikuwa juu ya daraja la meli, gunia mgongoni, alipoona wenzake wanashusha mizigo yao na kuondoka. Wengine walichukua magongo ya kubebea. Mmoja asiyemjua alipita karibu naye.

"Mnakwenda wapi?"

"Hujasikia? Kuna mumiani gofuni. Kishanyonya watoto wanne. Wa mwisho ni wa hamali mwenzetu, mpaka jina tumetajiwa. Ame."

"Ame ni mimi."

Yule mtu alimtazama, akamwekea mkono begani.

"Basi pole sana, ndugu yangu," alisema. "Shuka twende."

*

Alikimbia kwa njia ya nyuma, akapita vichochoro viwili na ua wa watu, lakini alipofika walishajaa mlangoni, kiasi cha watu thelathini na zaidi. Na ndani, ungekuwa hujui lolote, ungeona kila ulichoogopa tangu utotoni. Mtu mrefu, uso mweupe, joho jeusi, mdomo unachuruzika wekundu, kandili inawaka mchana, na mtoto begani kalegea, macho kafumba. Wanu alikuwa kalala.

"Ni filamu, jamani," Shemsa aliita nyuma ya pazia. Kutoka hakuweza. Buibui lake lilikuwa mwilini mwa Nahodha, na Nahodha kajibanza nyuma ya joho la mumewe.

"Mumiani siku zote hujidai fundi wa kitu," alijibu mtu.

Ame aliwapasua kwa viwiko, akasimama katikati.

"Mtoto ni wangu," alisema, pumzi zinamkatika. "Mimi ndiye baba yake. Huyu ni Miraji mpiga chokaa, ninyi nyote mnamjua. Mtoto hana kitu. Mimi mwenyewe niliruhusu."

Waliomtangulia walitazamana. Mzee mmoja mwenye kikoi cha bluu, gongo mkononi, alimkagua juu mpaka chini.

"Kama ni wako, mchukue. Tumwone."

Ame alinyoosha mikono. Miraji akamtoa mtoto begani taratibu, kichwa kwanza akikishika, akamkabidhi. Wanu alifumbua macho. Aliona ni uso wa nani uliomwinamia, akapinda mgongo nyuma, akapiga ukelele wake uleule, akajinyoosha mwili mzima kumwelekea mumiani.

"Baba," alilia. "Baba."

Ame alihisi umati unageuka, kama maji yanavyogeuka kabla ya kujaa.

"Mtoto anamkimbia," alisema mwanamke mmoja nyuma.

"Huyu si baba yake."

"Huyu ndiye mpelekaji. Anamletea watoto."

"Eti mwenyewe karuhusu. Mmemsikia? Kwa mdomo wake."

Mkono ulimkamata kola, shati likapasuka. Gongo lilimpiga bega, si kwa nguvu, lile la kwanza ambalo mtu hupiga kujaribu. Ame alimkumbatia mtoto zaidi, na alivyomkumbatia ndivyo alivyozidi kulia, na alivyolia ndivyo watu walivyozidi kusogea. Aliona wazi kwamba atakufa kwa sababu mwanawe hamtaki, na neno lililomfikisha hapo alilitoa yeye. Cha ajabu, hata pale, alichokitazama ni ile mikono miwili midogo inayomwendea mwingine. Wivu haukumwacha hata na gongo begani.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Miraji ndiye aliyekuwa karibu nao. Akaja mbele.

"Mwacheni," alisema. "Mtoto ni wake."

"Wewe mumiani ndiye shahidi?"

Miraji alitia mkono ndani ya joho, watu wakarudi nyuma hatua, akatoa kijaluba cha bati. Akakifungua. Akatandaza jani kiganjani, akalipaka chokaa, akatia popoo na kipande cha katu, akakunja. Popoo nusu ikamwagika chini.

"Fungua mdomo," alimwambia Ame.

"Mimi sili—"

"Fungua mdomo, Baba Wanu."

Ame alifungua. Tambuu ilimjaa, ikamuunguza ulimi, machozi yakamtoka, mate mekundu yakamchuruzika kidevuni mpaka kwenye shati lililopasuka.

"Tafuna. Usiteme. Sasa mpumulie mtoto usoni. Polepole. Na mkono mtie hapa chini, si hapo, hapa. Ndivyo."

Wanu alikata kulia katikati ya kilio, kama mtu aliyesahau alilokuwa akisema. Akanusa. Akayatazama macho ya Ame, akashuka mdomoni, akarudi machoni. Akatia kidole kimoja kati ya meno ya baba yake, akakitoa, akakinusa kile kidole, akakilamba. Kisha alipandisha pumzi tatu za kwikwi, akalaza kichwa begani palepale pigo lilipoangukia.

Nahodha, nyuma ya joho, akaachia ncha ya buibui.

"Na mimi je?" alisema kwa sauti yake nzito. "Mke wa mumiani hana mtu wa kumpigania?"

Wakaziona sharubu. Kicheko kilianzia nyuma, kwa wale waliokuwa hawaoni vizuri wakaelezwa, kikaja mbele, na yule mzee wa kikoi akaliegemeza gongo lake ukutani apate kujifuta macho. Katika kona Dhanji alikuwa bado kakodoa jicho kwenye kamera, na kamera haikuacha kunguruma mpaka mkanda wake wa mwisho ukaisha, ukabaki kupiga tap, tap, tap.

*

Filamu ilioneshwa mwezi uliofuata ndani ya ghala moja la mbata, Jumapili mchana, madirisha yamezibwa magunia na shuka mbili zimeshonwa pamoja ukutani. Kwa kuwa haikuwa na sauti, Nahodha alisimama kando na kusema maneno ya watu wote, mumiani, mkewe na mtoto, na alipochoka aliwasemea hata njiwa. Watu walicheka mpaka mbata zikaporomoka kwenye lundo.

Ame alikaa mstari wa tatu, Wanu mapajani, tambuu shavuni. Mwezi mzima alikuwa anatafuna. Hakuipenda siku ya kwanza na hakuipenda sasa, na Shemsa alimwambia meno yamekuwa ya babu. Miraji alikaa kulia kwake. Mumiani alipotokea shukani kwa mara ya kwanza, Wanu alinyoosha kidole akasema, "Baba." Kisha akageuka, akamgusa Ame kidevuni, akasema, "Baba." Aligawa sawa kwa sawa, na Ame hakutaka kugawiwa. Lakini Wanu alipolala, alilala kwake.

Ikafika sehemu ya mwisho. Shukani palitokea mlango umejaa watu wenye magongo, umati ambao Dhanji asingeweza kuulipa maisha yake yote. Mumiani kasimama mpole, mtoto kalala begani pake. Na mtu mmoja, macho yamemtoka, jasho, akamchukua yule mtoto, na mtoto akaamka akilia, mdomo wazi bila ya sauti, anamtaka mumiani.

Nahodha alingoja kidogo. Alijua kungoja.

"Mabwana na mabibi," alisema, "muda wote huu mlikuwa mkimtafuta mumiani. Huyu hapa."

Ghala zima lilipasuka kwa kicheko. Hija, mbele kabisa, alipiga magoti yake kwa viganja. Shemsa, upande wa wanawake, alifunika uso kwa buibui lake. Ame aliutazama uso wake mwenyewe shukani, uso ambao Dhanji mara ile ya kwanza hakuutaka, na hakuona la kuwabishia.

Miraji peke yake hakucheka.

"Miraji," Ame alisema chinichini.

"Naam."

"Yale maneno. Aliyeyaanza bandarini..."

"Ni wewe. Hija kanambia palepale gofuni, watu hawajatawanyika."

Ame aliacha kutafuna.

"Magongo yalikuwa bado mikononi mwao," alisema. "Ungenyoosha kidole tu. Mbona hukusema?"

Miraji alimtazama Wanu, aliyekuwa kalala kinywa wazi, mkono mmoja umeshika kifungo cha shati la baba yake.

"Ningesema vipi?" alisema. "Mtoto ndio kwanza alikuwa amenyamaza."